Taarifa ya mwaka ya Mwenyekiti: pesa za mfuko na mkakati wetu wa tabianchi

Assalaam alaykum wanachama wenzangu wa kikundi chetu cha wakulima wa mwani. Naiweka hapa kwa maandishi mana mkutano mkuu walikuja watu 19 tu kati ya 64, na sitaki mtu aje aseme hakuambiwa.

Shughuli za kawaida mnazijua. Mwani wa aina ya spinosamu tumeuza mara 5, sabuni za mwani tumetengeneza 1,180 zikauzika 940, mafunzo mara 2, mwenzetu mmoja katangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na rambirambi imefika kwa familia. Hapo sirefushi.

Nnalotaka kulisema kwa urefu ni zile shilingi 3,850,000 zilotoka kwenye mfuko, mana maneno yamekuwa mengi, harusini, dukani, na wengine wanasema mwenyekiti kala pesa za kugawana Iddi. Sijala. 1,900,000 ni chanja za kukaushia na maturubali, 1,350,000 ni kamba na maboya ya maji marefu, 600,000 ni nauli za kwenda kuonana na wanunuzi Unguja na malipo ya kijana alotuandikia mpango wa biashara. Risiti zote anazo mshika fedha, mtu aje azisome.

Kwanini hatukungoja mkutano mwengine? Februari, bamvua, maji yamekupwa saa nne asubuhi na jua kali, nilishuka pwani nikavuta kamba yangu ya mwani wa aina ya kotonii. Maji yana moto kama ya kumkoshea mtoto mchanga. Mwani umepauka mweupe, ukiugusa unakatika, nilipoitoa kamba nzima zimebaki tai-tai (vile vikamba vya kufungia mwani) tupu zinaning'inia. Na kotonii ndo yenye bei! Khabari hii si ya jana, Unguja walianza kuona inawafia tokea mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengi wakabaki na spinosamu inayostahamili joto lakini pesa yake ndogo. Sasa sie tunafanya biashara, na kama bidhaa yetu inakufa kwa joto basi hilo joto liandikwe kwenye mpango pale pale penye bei na mtaji, sio tulisikie kwenye semina tukala posho tukarudi nyumbani.

Tena kuna ile karatasi ya maswali ya mnunuzi, kurasa 4. Mnakaushia wapi, mafuta ya boti mnatumia kiasi gani, bahari ikizidi joto mzigo wangu ntaupataje. Mwanzo nilikasirika. Kumbe makampuni makubwa wakihesabu moshi wao, yaani hewa chafu inayozidisha joto duniani, hawaishii kwenye mashine zao na umeme wanaonunua, kuna fungu la tatu la wale wanaowauzia malighafi na wanaosafirisha, na mwani wetu unatolewa karajinani, kitu cha kufanya vitu viwe vizito, inayowekwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu, kwahiyo na sie tumo. Tokea Juni 2023 ipo kanuni ya kimataifa ya makampuni kutoa taarifa za tabianchi, IFRS S2, kampuni inayoifata lazima iseme nani kwenye uongozi anasimamia tabianchi, mkakati unabadilika vipi, khatari anazipimaje na malengo yake yepi. Sie haitulazimishi, ila anonunua kwetu anaulizwa na walio juu yake, akikosa jibu letu atahamia kwa wengine.

Ndo tukaamua kotonii ya maji mafupi iwe ya kusi tu, miezi ya baridi, na kaskazi, miezi ya joto, iende maji marefu, mwani ukaushwe juu ya chanja mana mvua siku hizi haina msimu na mwani ulonyeshewa unashuka bei. Matokeo mmeyaona: kamba 30 za maji marefu tumevuna 24, maji mafupi kamba 40 tumevuna 9. Nani angenisikiliza bila ya kuona? Walosema tunawapeleka kina mama kuzama nawaelewa kabisa, ndo mana nilisimama mwenyewe nikasema hapandi mtu boti bila jaketi la kuokolea, na hajapanda.

Uamuzi ule tuliupitisha watu 11. Ndio, 11. Lakini mkutano uliitwa mara mbili, wito ulipita kwa sheha na kwenye simu zenu, na wanaolalamika zaidi ndo ambao hawakuja mara zote mbili, hili limeniumiza sana.

Ada nayo. 2,000 kwa mwezi, kwa mwaka ilikuwa tupate 1,536,000, imeingia 588,000, walomaliza ni watu 17 Mungu awabariki, tunadai 948,000. Hizo zingepunguza pengo la pesa za Iddi tunalogombania.

Mwaka ujao tunataraji kuongeza kamba za maji marefu, inshaallah tupate boti yetu badala ya kuazima, na tuwe tunatenga kidogo kwa kila kilo kwa ajili ya kaskazi mbaya, kiasi gani tutakaa tukubaliane. Mshika fedha yupo bandani kila Jumamosi baada ya laasiri, anapokea ada.