Shaba ya Sanga ni ya kale kuliko kampuni

Bwana Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita ilisema historia ya shaba Katanga ilianza 1906, kampuni ya migodi ya Union Minière ilipoundwa. Mimi ni mfua shaba hapa Lubumbashi, komini Kenya, na hilo silikubali.

Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu wa mambo ya kale walifukua makaburi mwaka 1957 na 1958; mwenzao Pierre de Maret akafukua tena 1974. Wafu walizikwa na vyungu vizuri ajabu, na wengine na bangili na mikufu ya shaba. Yalikuwapo hayo karne nyingi kabla ya mzungu yeyote kufika. Na bonde la Upemba, iliko Sanga, halina shaba! Ilitoka huku kusini kwetu, ikabebwa.

Kinachonigusa zaidi ni misalaba midogo ya shaba waliyozikwa nayo. Katika makaburi ya baadaye inazidi kuwa midogo, inafanana kwa kipimo, na mara nyingi imewekwa mikononi au kifuani. Wataalamu wanasema ilikuwa pesa, nami nawaamini: fundi hajisumbui kusawazisha vipimo kama anayepokea hahesabu.

Ndiyo maana nawakatalia wachuuzi wanaoniletea "msalaba wa kale" niukadirie bei. Ukishang'olewa kaburini, bila kujua ulikuwa mkononi mwa nani, ni shaba ya kupima kwa kilo tu.

Tafadhali chapeni mchoro wa kaburi moja la Sanga, mkubwa, ukurasa mzima. Vijana ninaowafundisha kazi wanaijua misalaba kwa bendera ya Katanga peke yake.

Fundi wa shaba,
Komini Kenya, Lubumbashi