Barua kwa vijana wanaokitazama kilimo: fuateni hasara, mtaikuta kazi

Wajukuu zangu mnaomaliza shule mwaka huu, pamoja nanyi mliomaliza zamani na bado mnatafuta pa kuanzia,

Nawasalimu kwa upendo. Nilikuwa bwana shamba katika utumishi wangu wote, na tangu nistaafu vijana hawaachi kunijia na swali lile lile: kilimo kina kazi gani kwa mtu aliyesoma? Wapo waliosukumwa huku kwa kuwa alama hazikutosha kwingine, nao wanakiona kilimo kama adhabu. Wapo walioambiwa kwamba ekari moja ya zao fulani itawatajirisha kabla mwaka haujaisha. Wote wamedanganywa, na inaniuma, kwa sababu uongo huo huwafukuza watu tunaowahitaji sana.

Jueni kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Karibu robo ya wafanyakazi wote duniani wamo katika kilimo, ufugaji, uvuvi na misitu. Hao ni wa shambani, zizini, majini na msituni tu. Nyuma yao wako wazalishaji wa mbegu na watengenezaji wa mbolea, chanjo na mitambo. Mbele yao wako watunza maghala, wasindikaji, wasafirishaji, wakaguzi na wanunuzi. Zao moja hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kuliwa, na kila linapopokezanwa kuna kitu kinaweza kuharibika. Hapo ndipo uliposimama ushauri wangu: ukitaka kuzijua kazi za kilimo, fuata hasara. Uliza mavuno yanapotelea wapi na ni nani anayeweza kuyazuia yasipotee.

Nitawapa mfano mmoja kwa kirefu, maana hakuna unaonifurahisha kuliko huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mdudu mdogo mweupe anayefyonza utomvu wa muhogo alionekana katika eneo la Kongo. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Aliingia Afrika bila maadui wake wa asili, akaenea nchi baada ya nchi katika ukanda wa muhogo, akiiacha mimea imedumaa na vichipukizi vimejikunja. Watafiti waliamua kurudi alikotoka ili wajue huko anadhibitiwa na nini. Walikutana kwanza na mdudu mwingine anayefanana naye sana, na maadui wa huyo hawakufaa. Mwaka 1981 mdudu mwenyewe akapatikana Paraguay, pamoja na nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya mwili wake. Nyigu huyo aliwekwa karantini Uingereza, kisha akapelekwa Nigeria kwenye taasisi ya utafiti ya IITA iliyoko Ibadan. Huko akazalishwa kwa wingi na kuachiwa mashambani, kwingine hata kwa ndege. Mdudu wa muhogo akadhibitiwa. Hans Herren, mtaalamu wa wadudu aliyeiongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Tuzo ina jina moja, lakini hebu tazameni ni kazi ngapi zilikuwa nyuma yake. Alihitajika mtu wa kutofautisha wadudu wawili wanaofanana, kwa darubini na kwa uvumilivu. Alihitajika afisa wa karantini wa kuhakikisha kwamba nyigu hatageuka kuwa balaa jipya. Walihitajika mafundi wa maabara wa kumlisha na kumzalisha kila siku, marubani, watu wa takwimu wa kupima kama mavuno yanarudi kweli, na mabwana shamba na mabibi shamba wa kuwaeleza wakulima kwa nini wasimwue nyigu huyo mgeni kwa dawa. Wengi wa hao hawakuwa na shahada ya uzamivu. Fundi wa maabara mwenye stashahada, akizembea siku mbili tatu, angeweza kuiangusha kazi ya profesa. Nawaambia hivi kwa sababu vijana wengi hudhani kwamba asiyefika chuo kikuu amebakiwa na jembe tu.

Kwa mifugo ni hivyo hivyo. Sotoka, ugonjwa uliofagia ng'ombe kwa karne nyingi, ulitangazwa kuwa umetokomezwa duniani mwaka 2011. Ni ugonjwa wa pili tu katika historia kufutwa kabisa, baada ya ndui. Chanjo nzuri ilikuwapo tangu miaka ya 1960, lakini ilitaka baridi wakati wote, na wafugaji wanaohamahama waliishi mbali na majokofu. Ilipopatikana chanjo inayostahimili joto, wahudumu wa mifugo waliofundishwa kutoka miongoni mwa wafugaji wenyewe waliweza kuibeba hadi malishoni. Daktari wa mifugo, mtengeneza chanjo na kijana anayelijua kila kundi na njia zake walitegemeana. Mwenye moyo wa wanyama asikate tamaa kwa kukosa nafasi ya udaktari. Wasaidizi wa afya ya mifugo, wapandishaji kwa mrija, yaani wanaomtia ng'ombe mbegu bila dume, na wataalamu wa malisho bado wanatafutwa.

Baada ya kuvuna ndiko vijana wasikotazama, nako kuna hasara kubwa mno. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linakadiria kwamba zaidi ya asilimia 13 ya chakula duniani hupotea kati ya mavuno na dukani, kabla mlaji hajakigusa. Chukueni mahindi. Yakiingizwa ghalani na unyevu unaozidi asilimia 13 au 14, ukungu huamka, na baadhi yake hutoa sumukuvu, ambayo haitoki kwa kupika na huweza kusababisha saratani ya ini. Mkulima amelima vizuri, amepalilia, amevuna, kisha chakula kinageuka sumu mikononi mwake kwa sababu hakuna aliyepima unyevu. Kipimo chenyewe ni kifaa kidogo cha kushikwa mkononi. Anayejua kukausha, kupima, kupanga madaraja, kufungasha na kutunza ubaridi wa maziwa, samaki au mboga ana kazi, awe ameajiriwa au amejiajiri. Nikiwa kijana leo, ningeanzia hapa.

Maji nayo yana watu wake. Takriban asilimia 70 ya maji baridi yanayochotwa na binadamu huenda kwenye kilimo. Umwagiliaji usio na njia ya kutoa maji huacha chumvi juu ya udongo hadi shamba likafa, kwa hiyo mhandisi wa mifereji na mpima udongo ni walinzi wa ardhi. Sitakaa sana kwenye bima ya mazao, uhasibu wa ushirika, sheria za ardhi, au picha za setilaiti zinazosaidia kukadiria mavuno kabla hayajafika. Anayependa hesabu, sheria au kompyuta ajue tu kwamba huku pia anahitajika, na asidhani lazima aache anachokipenda ili aingie kwenye kilimo.

Sasa niwaambie magumu, maana mzee anayewaficha magumu hawapendi. Mishahara ya mwanzo mara nyingi ni midogo. Kazi hufuata msimu, na msimu hausubiri harusi wala sikukuu. Mtapangiwa sehemu za mbali. Kuna viuatilifu vinavyoua mtu polepole akivichezea: vaeni glavu na barakoa hata kama mwenyeji wenu anawacheka, someni lebo yote, na muheshimu siku zinazotakiwa kupita kati ya kunyunyizia na kuvuna. Ninyi mabinti mtakutana na watu watakaotaka kuzungumza na mwanamume kwanza. Simameni. Wanawake ni sehemu kubwa ya nguvu kazi ya kilimo duniani, na afisa anayeweza kuketi nao na kuwasikiliza hupata habari ambazo wengine hawazipati.

Anayewaahidi faida ya haraka kwa zao moja, mwombeni hesabu yake iliyoandikwa: gharama za pembejeo, nguvu kazi, usafiri, kiasi kitakachooza, na jina la mnunuzi. Akikasirika, ondokeni. Nimeona familia zikiuza ardhi kwa ajili ya ahadi za namna hiyo, na ardhi haikurudi.

Kabla hamjachagua kozi, nawasihi mfanye jambo moja. Fuateni zao moja au kundi moja la mifugo kwa msimu mzima, tangu kuandaa hadi kuuza, mkimsaidia mtu anayefanya kazi hiyo kweli. Chukueni daftari. Andikeni mvua ilinyesha lini, mbegu ilitoka wapi, nini kiliugua, kiasi gani kilivunwa, kiasi gani kiliharibika, na pesa iliingia kwa nani. Pale palipowauma kuona kitu kinapotea, pawekeeni alama. Kisha nendeni kwenye chuo mnachokitamani, mwulize kama kina shamba la mafunzo linalolimwa kweli, kama maabara yake inatumika, na wahitimu wake wa miaka ya karibuni wanafanya kazi gani. Wakijibu kwa vipeperushi tu, endeleeni kutafuta.

Siku ya usaili bebeni daftari hilo pamoja na vyeti. Nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili, na najua tulivyokuwa tukimtazama kijana anayeweza kueleza, kwa maandishi yake mwenyewe, ni magunia mangapi yaliharibika na kwa sababu gani.

Babu yenu,
Bwana shamba mstaafu