Shoki za upepo za bagi zinauliwa na kujazwa ovyo

Bwana Mhariri,

Kuna maneno yamezagaa kwenye gereji zetu kuanzia Changamwe na Jomvu mpaka huko Mtwapa, eti shoki za upepo haziwezi joto la pwani na mwenye bagi akitaka amani azing'oe arudishe springi za chuma. Mimi kazi yangu ni hizi za chini ya gari na naomba nafasi niyapinge haya maneno, manake yanamtoa mtu pesa nyingi bure na kibaya zaidi yanaficha tatizo lenyewe. Shoki nyingi ninazoletewa hazikuuliwa na joto, zimeuliwa na mtu aliyezijaza.

Kwa asiyejua, bagi ni yale magari mepesi ya mabomba yasiyo na bodi, ndo yale watalii na familia zetu hukodi kwenda nayo mchangani na njia za mashambani. Shoki ya upepo haina springi ya chuma hata moja. Ndani mna oili, juu ya oili mna gesi ya naitrojini, na hiyo gesi ndo springi yenyewe. Tairi ikipanda jiwe rodi, ile nondo laini inayotoka chini ya shoki, inaingia ndani, inakula nafasi, gesi inabanwa nayo inasukuma kurudi. Nafasi ya gesi ikipungua nusu presha inakuwa mara mbili na kidogo juu yake, ikipungua nusu tena inapanda mara mbili tena, ndo maana shoki hizi ni laini mwanzo alafu mwishoni zinakuwa ngumu kweli kweli. Wakati huo huo oili inapita kwenye matundu ya pistoni yaliyofunikwa na shimu, vile visahani vyembamba vya chuma, na hapo ndo mwendo unapunguzwa kasi kwenda na kurudi.

Sasa angalia, kuna vitu viwili vya kurekebisha, gesi na oili, na wengi wanajua kimoja tu. Gesi inaweka kimo cha gari likiwa limesimama. Oili inaamua mambo ya mwisho wa mwendo, kwa sababu ukiongeza oili unapunguza nafasi ya gesi na shoki inakaza haraka zaidi inapokaribia kuisha. Bagi ikigonga chini kwenye mashimo fundi anaongeza gesi, gari linainuka juu, likikata kona linalala upande, mwenye gari anaogopa, fundi anatoa gesi, linagonga tena, wanazunguka hivyo mpaka wote wanachoka na shoki inaitwa mbovu. Pale ilitakiwa cc 10 tu za oili kila upande, ukaendesha, ukaangalia, ikibidi ukaongeza cc 10 nyingine. Bomba la sindano la chemisti la cc 20, bila sindano yenyewe, linatosha kwa kazi hii, bei yake ni ndogo sana na linapima vizuri kuliko jicho la fundi yeyote. Na lazima kulia na kushoto zilingane, si kukadiria.

Nieleze kwa kifupi vile ninavyofanya. Gari juu ya stendi, tairi zinaning'inia, shoki imevutika mpaka mwisho na imepoa kabisa. Bodi ya shoki iwe juu rodi chini, maana hizi za kawaida hazina kitu kinachotenganisha gesi na oili, ukizipindua pistoni inafanya kazi ndani ya gesi badala ya oili. Najaza naitrojini, wengi huanza kati ya psi 150 na 200, psi ni kile kipimo cha presha cha kwenye geji, alafu wanapanda au kushuka kulingana na uzito wa gari na unene wa rodi. Nashusha gari, nalisukuma mbele na nyuma lijiweke, ndo napima rodi inayoonekana. Kabla ya kufungua shoki yoyote gesi yote itoke kwanza, hilo halina mjadala. Na ile geji ya tairi ya kawaida usiichomeke kila saa kuangalia, nafasi ya gesi mle ndani ni ndogo sana, kila ukipima unapoteza presha, kwa hiyo kile ulichosoma si kile ulichokiacha.

Kuhusu joto, wanaolalamika wana haki kidogo na siwezi kuwanyima. Gesi ikipata moto inapanda presha. Shoki iliyojazwa psi 200 kwenye nyuzi 30 za hapa kwetu, ikifika nyuzi 90 baada ya kuchapwa njia ya mawe, gesi peke yake itakuwa kwenye psi 240 hivi, na oili nayo inavimba inazidi kuibana. Gari linainuka lenyewe. Tena oili ikichanganyika na gesi inatoa povu na inakuwa nyepesi, shoki inalegea. Ndo sababu kwenye mbio ndefu za jangwani kama Baja 1000 ya Mexico, inayokimbiwa tangu 1967, magari makubwa ya mbele yanatumia springi za chuma na shoki zenye tangi la pembeni, na hizi za upepo zikapendwa zaidi na watu wa kupanda majabali polepole, kwa vile ni nyepesi na bei yake afadhali. Lakini bagi ya kukodi ya hapa haikimbii Baja, inazunguka kidogo kidogo inarudi kivulini, na kwa kazi hiyo shoki ya upepo iliyowekwa sawa inatosha kabisa.

Kinachoniudhi ni kile wanachofanya gari likishainuka. Dereva saa saba mchana anaona bagi imekaa juu, anabonyeza valvu tsss, gesi inatoka, imekaa vizuri, amefurahi. Kesho asubuhi shoki imepoa, gari limelala chini, safari ya kwanza linapiga chuma kwa chuma na abiria ndani. Jamani usiguse valvu shoki ikiwa ya moto. Pima baridi, weka baridi, na ukiona likipata moto linayumba sana kwenye kona basi tatizo ni stebilaiza, ile nondo inayozuia gari lisilale upande, gari hilo halina au iliyoko ni nyembamba, si gesi. Na likirusha abiria juu baada ya tuta basi shoki inarudi kwa kasi mno, hapo ni kufungua na kubadilisha shimu za upande wa kurudi, gesi haitakusaidia kitu.

Kuna moja niliyofungua iliyokuwa ikijazwa na kompresa ya pancha. Oili ilitoka nyeupe nzito mithili ya tui, kumbe ni maji. Hewa ya kawaida yenyewe asilimia 78 ni naitrojini kwa hiyo naitrojini haina uchawi, tofauti ni kwamba ile ya mtungi ni kavu na haina oksijeni, na hewa ya Mombasa mnaijua, ukiminya na kompresa isiyo na kichujio maji yote yanaingia ndani ya shoki. Rodi ya ile shoki ukipitisha ukucha juu yake unahisi vidoti vidogo vya kutu, kila kidoti kinakwangua sili, ule mpira unaozuia gesi na oili zisitoke, rodi ikipanda na kushuka, sili ikikatika gesi inatoka na hapo ndo utasikia shoki za upepo hazifai pwani. Nje ni chumvi, ndani ni maji ya kompresa, joto linasingiziwa. Mkitoka mchangani osheni zile rodi kwa maji baridi ya kawaida, zifutwe kwa kitambaa laini, basi. Halafu kompresa nyingi za pancha zinaishia kwenye bar 8 mpaka 10, yani chini ya psi 150, kwa hiyo hata ukitaka presha ya haki hazifiki.

Lakini kilichonifanya niandike barua hii hasa ni kingine. Nimesikia fundi akisema mtungi wa naitrojini ukikosekana unaweza kuazima gesi kwa jirani anayechomelea vyuma. Mtungi wa yule jirani ni wa oksijeni. Oksijeni ya presha ikikutana na oili inaweza kuwaka na kulipuka hapo hapo, bila kiberiti bila cheche. Usijaribu hata mara moja hata kwa shoki ya baiskeli. Na hata huo wa naitrojini ukiwa mpya una presha ya bar 150 mpaka 200, ukiunganisha mpira moja kwa moja bila regaleta, kile kifaa cha kupunguza presha ya mtungi, umeweka bomu mbele ya uso wako na wa kijana anayekushikia spana. Mitungi na regaleta zinapatikana kwa wauzaji wa gesi za viwandani hapa hapa mjini, mafundi watatu wanne wakichanga wanakuwa na seti moja ya mtaa mzima.

Ombi langu kwako mhariri, ule ukurasa wa magari uwe na nafasi ya mambo haya ya ufundi, si bei ya magari mapya tu. Na walimu wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor wakiweza kuandaa mafunzo mafupi ya shoki na mitungi ya gesi kwa sisi tulio mtaani, hata ya wikendi, vijana wengi watakwenda na mimi nitawapeleka wangu. Wenye bagi za kukodi nao, kabla abiria hajapanda asubuhi, pimeni rodi kwa futi kulia na kushoto shoki zikiwa baridi na muandike kwenye daftari. Upande mmoja ukiwa umeshuka kuliko jana, hiyo gari isitoke siku hiyo.

Fundi na msomaji wenu,
Mikindani, Mombasa