Zuhura, usishike bango

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, ila usingizi umenikimbia tangu uliposema Jumamosi unakwenda London kuandamana na wenzako. Nimekukataza kwenye simu, ukacheka: "Mama, hii Uingereza!"

Uingereza hiyo hiyo, Agosti 2025, polisi walikamata watu zaidi ya 500 kwa siku moja mbele ya Bunge, wengi wao kwa kushika vibao vya kuiunga mkono Palestine Action, kikundi kilichopigwa marufuku mwezi mmoja kabla ya hapo kwa sheria ya ugaidi. Karibu nusu yao walikuwa na miaka 60 na kuendelea. Niliwatazama wale wazee wakibebwa, nikamwona bibi yako. Hakuna aliyepindua nchi. Bunge lilipiga kura, na kibao kikawa kosa.

Na siku ya kumtawaza Mfalme Charles, Mei 2023? Walikamatwa wasiotaka ufalme, eti kamba za kufungia mabango ni vifaa vya kujifungia barabarani. Sheria yenyewe ya kukataza vifaa hivyo haijatimiza wiki. Polisi wakaja kueleza masikitiko na hawakuwashtaki, lakini sherehe ilikwisha pita, na siku ya kusema ilikuwa ile.

Tena wale ni raia. Wewe una visa ya masomo. Usishike bango, Zuhura.

Insha yako ya uhuru nimewasomea wajomba zako, mjomba mkubwa akataka nirudie ukurasa wa pili. Unaandika vizuri kuliko sisi sote. Lakini unabisha hata usichokichunguza, na hilo umelitoa kwa baba yako. Ile habari ya mwalimu wako wa kidato cha pili tusiirudie. Pengine ungezoea kupaza sauti hapa nyumbani, ungejua wapi pa kuishusha. Siku ile nilikuwa na hofu ya ada.

Hela imefika. Nimelipa bili ya maji, iliyobaki nimempa Salim ya mtihani. Bati za uani zimetoboka tena, fundi anataka alipwe kwanza ndipo apande, nami sitaki. Koti zito ulinunua? Usinidanganye.

Soma masharti ya visa yako kabla ya Jumamosi, yote. Mimi siku hiyo sitoki, simu nitakuwa nayo mkononi. Ukiwa maktaba nipigie. Ukiwa huko uwanjani, nipigie pia.

Mama yako