Wahudumu wale hawakuwa wakipoteza muda

Mhariri,

Wiki iliyopita mlichapisha barua ya msomaji aliyekasirishwa na wahudumu wa gari la wagonjwa. Baba yake alianguka ghafla nyumbani, gari likaja upesi, lakini wahudumu hawakumbeba mzee na kuondoka mbio kama alivyotarajia. Mmoja alipiga magoti akamshika mkono kama anayemsalimia. Mwingine akaanza kuuliza mzee amekula saa ngapi, anatumia dawa gani, aliketi kwanza au alianguka moja kwa moja. Injini inanguruma nje, familia inahesabu dakika. Ninamwelewa kabisa. Angekuwa baba yangu, nami sijui ninachokijua, ningepiga kelele kumshinda yeye. Ila mimi ndiye ninayewafundisha watu wa kazi hiyo, baada ya miaka mingi ya kupanda gari hilo mwenyewe, kwa hiyo naomba nafasi nimweleze walikuwa wakifanya nini pale chini.

Dhana kwamba kazi ya gari hilo ni kubeba tu ni ya zamani. Huko Marekani, hadi miaka ya 1960, wagonjwa wengi walichukuliwa na magari ya kampuni za mazishi, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa na nafasi ya mtu kulala. Mwaka 1966, mjini Belfast, Ireland ya Kaskazini, daktari Frank Pantridge alianza kupeleka mashine ya kushtua moyo hadi alipo mgonjwa badala ya kumngoja wodini. Mwaka uliofuata ilianzishwa Freedom House, huduma ya magari ya wagonjwa mjini Pittsburgh, Marekani: vijana weusi, wengi wao wakiwa hawana kazi kabla ya hapo, wakafundishwa na daktari Peter Safar na wenzake kutibu mtu pale pale alipoangukia. Habari hii nawasimulia wanafunzi wangu siku ya kwanza, kabla hawajaugusa hata mfuko wa vifaa.

Sasa turudi kwa mzee. Mhudumu akifika mlangoni anatazama kwanza: kuna waya wa umeme, moshi, mtu mwenye kisu, gari linaloweza kuteleza? Wagonjwa ni wangapi? Hilo halichukui muda, na anayeliruka huongeza idadi ya majeruhi kwa kujiongeza yeye. Kisha anasalimia. Shikamoo mzee, unanisikia? Salamu hii ni kipimo kizuri kuliko vifaa vingi tulivyo navyo. Mzee akiitikia marahaba na kuendelea na sentensi nzima, mhudumu tayari anajua kwamba njia ya hewa iko wazi, pumzi inatosha kusema, na damu inafika kwenye ubongo. Akijibu neno moja, akavuta pumzi, neno jingine, akavuta tena, hapo tatizo limeshajitaja. Akijibu kwa kuguna tu anapofinywa, au asijibu kabisa, mambo yanabadilika na mikono inaanza kwenda haraka.

Kutoka hapo kuna mpangilio, na mpangilio huo unafuata kile kinachoua mapema zaidi. Damu inayomwagika kwa kasi inazuiwa kwanza. Kisha njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, hali ya ubongo, halafu ndipo nguo zinafunuliwa kuona kilichojificha, mgongoni hasa, na mgonjwa anafunikwa tena asipate baridi, kwa maana mwili uliopoa hauwezi kugandisha damu vizuri. Wanafunzi wote hukariri mlolongo huu ndani ya siku chache. Halafu nawawekea mtu wa kuigiza mwenye mguu uliopinda, na karibu darasa zima linakimbilia mguu. Mguu uliopinda unavutia macho, lakini unaweza kusubiri. Katika ajali yenye majeruhi kadhaa ni vivyo hivyo: anayepiga mayowe ana hewa ya kupigia mayowe. Nendeni kwa aliyenyamaza.

Kukoroma je? Mara nyingi tumekuta familia imekaa kimya kumzunguka mtu aliyepoteza fahamu, wakituambia afadhali sasa amelala, sikilizeni anavyokoroma. Huo si usingizi. Ni ulimi umelegea na kurudi nyuma, unaziba koo. Kichwa kikielekezwa nyuma taratibu na kidevu kikainuliwa, mkoromo hukoma. Kama kuna shaka ya kuumia shingo, kichwa hakilazwi nyuma. Taya ndilo husukumwa mbele. Sauti ya majimaji kooni ni jambo jingine: matapishi au damu, na lazima yanyonywe au yatolewe kabla ya mtu kupewa pumzi yoyote, la sivyo unayasukuma mapafuni.

Na ule mkono ulioshikwa kama salamu. Mhudumu alikuwa anatafuta mapigo kwenye kifundo, upande wa dole gumba: yapo au hayapo, yana kasi gani, yanakwenda sawa au yanarukaruka. Pia alikuwa anahisi ngozi, kama ni kavu na yenye joto au ni baridi iliyolowa jasho. Lakini kuna siri nyingine ambayo msomaji wenu hakuiona, na ndiyo maana ilifanyika vizuri. Baada ya kumaliza mapigo hauachii mkono. Unaendelea kuushika na macho yanahamia kifuani, unahesabu pumzi. Mtu akijua anahesabiwa pumzi, hubadilisha anavyopumua bila kukusudia. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Unahesabu nusu dakika na kuzidisha kwa 2, na kama pumzi hazina mpangilio unahesabu dakika nzima.

Hapa nina ugomvi na watu wangu mwenyewe. Hakuna kipimo kinachobuniwa kwenye fomu kama hiki. Nimepitia mafungu ya fomu ambamo watu wote, kikongwe kwa kijana, mwenye pumu kwa aliyejikwaa ngazini, wanapumua mara 18. Ukikuta 18 ukurasa baada ya ukurasa, jua hakuna aliyehesabu. Nami nasisitiza hesabu hiyo kwa sababu pumzi huongezeka mapema mwili unapoelemewa. Presha inadanganya, hasa kwa kijana, inaweza kubaki inapendeza huku damu nyingi imeshapotea tumboni, kisha ikaporomoka kwa mkupuo. Aliyehesabu pumzi zikawa 28 alionywa mapema.

Wengine watasema siku hizi kuna kile kifaa kinachobanwa kidoleni, kinasoma oksijeni chenyewe. Kipo, na ninakipenda. Lakini kidole kikiwa baridi, au kucha zina rangi, au damu haifiki vizuri mikononi, namba inayosomeka si ya kuaminika. Aliyevuta moshi wa moto au wa jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa anaweza kuonyesha namba nzuri kabisa wakati mwili wake unakosa oksijeni, maana kifaa cha kawaida hakitofautishi oksijeni na ile hewa ya sumu iliyokalia nafasi yake kwenye damu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha pia kwamba kifaa hicho kilishindwa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Vitabu vyetu vingi, navyo, vina picha za midomo ya bluu kwenye nyuso nyeupe. Mwanafunzi anayemtafuta mgonjwa wa namna hiyo atangoja sana. Kwenye ngozi nyeusi tunafunua mdomo wa chini tuone ndani, ulimi, ndani ya kope, viganja, kucha. Unaubana ukucha, unaachia, na rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2.

Swali la chakula ndilo lililomuudhi msomaji kuliko yote, nami nadhani ndilo lilikuwa bora. Mtu mwenye kisukari aliyechoma sindano yake ya insulini kisha asile anaweza kuanguka, kuropoka kama mlevi, kupigana na wanaomsaidia, hata kulegea upande mmoja wa mwili ukadhani ni kiharusi. Tone moja la damu kutoka kidoleni linatoa jibu. Sukari ikiwa chini ya 4 kwa vipimo vya milimoli, inarekebishwa pale pale: kwa mdomo kama yuko macho na anameza, kwa mshipa au sindano kama sivyo. Kumpakia na kukimbia naye bila kupima ni kuubeba ubongo wenye njaa barabara nzima huku dawa iko kwenye mfuko miguuni pako.

Na kama ni kiharusi kweli, swali linalofuata ni lini mara ya mwisho alionekana mzima. Familia nyingi hutaja saa waliyomkuta. Hiyo haisaidii sana. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, kwa hiyo aliyelala mzima saa 4 usiku akakutwa amepooza alfajiri anahesabiwa tangu saa 4 usiku. Daktari atatutegemea sisi kwa saa hiyo, nasi tunawategemea nyinyi. Ukisaidia jambo moja tu siku kama hiyo, kusanya dawa zote anazotumia mgonjwa kwenye mfuko mmoja pamoja na kadi zake za kliniki, na umchague mtu mmoja anayejua habari zake ajibu maswali. Watu wanane wakijibu kwa pamoja hatusikii chochote.

Sitaki nieleweke kwamba kukaa ni kuzuri siku zote. Aliyechomwa kisu kifuani, aliyegongwa na tumbo linakuwa gumu, mjamzito anayetokwa damu: hao wanahitaji chumba cha upasuaji, na hakuna ninachoweza kufanya sakafuni kuziba mshipa uliopasuka ndani. Unafungua njia ya hewa, unazuia damu unayoiona, unaondoka. Mengine yote njiani. Mwanafunzi anayebaki kumpima presha mara ya tatu mtu wa aina hiyo, namtoa kwenye zoezi. Kinyume chake ni moyo uliosimama. Kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, hakufanyiki sawasawa kwenye machela ndani ya gari linalopinda kona. Uwezekano wa kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10 kila dakika inayopita bila kukandamiza kifua na kushtua moyo. Huyo anahudumiwa alipo. Na ile mikoromo ya kukatakata inayokuja mara moja moja baada ya mtu kuanguka isimdanganye yeyote kwamba anapumua.

Pamoja na hayo yote, msomaji wenu ana haki katika jambo moja: hakuna aliyemwambia kitu. Wahudumu wetu wengi hufanya kazi kimya, na ukimya ule mbele ya mtoto anayemtazama baba yake sakafuni unafanana na uzembe. Inatosha kusema, huku mikono inaendelea: ninampima sukari, ni dakika moja, kisha tunaondoka. Sasa hivi katika mitihani yangu mwanafunzi anayepima vizuri bila kumsemesha mgonjwa wala jamaa zake anapoteza alama, na wamenilalamikia sana.

Mwisho alihoji kwa nini ndani ya gari, njia nzima, walirudia kumuuliza mzee jina lake na siku ya leo, kana kwamba hawakusikia mara ya kwanza. Walisikia. Mgonjwa ambaye hali yake si thabiti hupimwa upya kila baada ya dakika 5, aliyetulia kila baada ya 15, na vilevile kila anapopewa dawa au kuhamishwa. Mapigo 92 peke yake hayasemi mengi. Mapigo 92, kisha 104, kisha 118, yanasema sana, na ndiyo tunayomkabidhi muuguzi pamoja na mgonjwa. Mzee akilitaja jina lake upesi mara mbili, halafu mara ya tatu akalitafuta, dereva anaambiwa, na hospitali inapigiwa simu waandae kitanda kabla hatujafika getini.

Wako,
Mkufunzi wa wahudumu wa gari la wagonjwa