Wenye majeraha ‘madogo’ nao watibiwe

Mhariri,

Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kwa mwendeshaji boda boda aliyepasuka kichwa Jogoo Road, angalau maneno hayo yana uzito: atakimbizwa hospitali, bili ijadiliwe baadaye. Shida iko kwa aliyevunjika kifundo cha mkono. Hatokwi damu, anatembea, kwa hivyo anahesabu pesa kwanza.

Hapa Kayole yuko fundi wa kuchomelea vyuma aliyeanguka kutoka kwenye ngazi. Alinunua dawa za maumivu, akafunga mkono kwa kitambaa, akarudi kazini. Mfupa umeunga kombo. Nyundo haishikiki tena sawasawa. Jirani yake, anayekatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi kwa bima ya afya ya serikali, aliumia vivyo hivyo. Siku hiyo hiyo alipigwa eksirei na kuwekwa plasta.

Tangu SHA, mamlaka inayosimamia bima hiyo, ichukue nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF Oktoba 2024, asiye na mshahara hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mpigo, angalau Sh3,600. Najua kuna mkopo wa Lipa SHA Pole Pole, ila kukopa kwa ajili ya ugonjwa ambao hujaupata (mnisamehe) ni jambo gumu kumweleza kibarua. Serikali ikubali mchango wa kila wiki bila deni, na plasta ipatikane katika zahanati za mitaani, si hospitali kubwa tu.

Msomaji,
Kayole, Nairobi