Mnunuzi wa taa wa maji baridi aelezwe samaki huyu atakua kiasi gani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa wanaofuga samaki majumbani, nalo ni uuzaji wa samaki aina ya taa wa maji baridi bila mnunuzi kuelezwa ni mnyama gani hasa anayempeleka nyumbani kwake. Nayasema haya nikiwa mfugaji wa miaka mingi ambaye taa wake wa kwanza alikufa kwa sababu ya kutojua kwangu.

Taa hawa ni wa mito ya Amerika Kusini. Wahenga wao walitoka baharini wakaingia mitoni mamilioni ya miaka iliyopita, wakazoea maji baridi kiasi kwamba leo hawawezi tena kurudi kwenye chumvi. Anayeonekana mara nyingi katika biashara ni Potamotrygon motoro wa mabonde ya Amazon, Orinoco na Paraná, mwenye mgongo wa kahawia uliopambwa kwa madoa ya rangi ya chungwa yenye duara jeusi. Anapouzwa huwa na upana wa kiganja, na wapo wauzaji wanaowaita taa wadogo kwa jina la kikombe cha chai, jina linalomfanya mnunuzi aamini kwamba hiyo ndiyo saizi yao ya kudumu. Ukweli ni kwamba huyo ni mtoto. Akitunzwa vizuri, mwili wake wa duara utafika upana wa nusu mita na zaidi, mkia haujahesabiwa.

Hapo ndipo makosa yanapoanzia, kwa sababu tumezoea kulipima tangi kwa lita. Taa hukaa chini karibu muda wote, ama amelala juu ya mchanga ama amejifukia ndani yake, akiacha nje macho na matundu mawili yaliyo nyuma ya macho, ambayo kwayo huvuta maji ya kupumulia. Kimo cha tangi hakimsaidii sana. Anachohitaji ni sakafu pana ambayo anaweza kugeuka juu yake bila kukunja kingo za mwili wake. Kwa motoro aliyekomaa mimi nisingekubali sakafu iliyo chini ya mita 2 na nusu kwa urefu na mita 1 na robo kwa upana, na hata hapo ningetaka awe peke yake au na mwenzake mmoja tu. Sakafu hiyo iwe na mchanga laini, kwa kuwa kokoto zenye makali humchubua tumbo, na mimea iliyopandwa humo ataing'oa yote anapotafuta chakula.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloua taa wengi, ni maji. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na katika tangi lililokomaa bakteria wanaoishi ndani ya chujio huigeuza amonia hiyo kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huhitaji mwezi mmoja au zaidi kujijenga. Mimi nilimtia taa wangu katika tangi la siku tisa, baada ya kuhakikishiwa na aliyeniuzia kwamba maji yakishakuwa maangavu hayana tatizo, na sikujua kwamba amonia haionekani kwa macho. Siku ya nne kingo za mwili wake zilianza kujikunja kuelekea juu. Siku ya sita nikamkuta amekufa. Taa ana hamu kubwa ya kula na hutoa uchafu mwingi, kwa hiyo kipimo cha amonia na nitriti kinapaswa kusoma sifuri kabla hajaingia na kibaki sifuri siku zote atakazoishi humo. Kifaa cha kupimia ni kidogo na hutumika kwa dakika chache, na laiti ningekuwa nacho wakati ule.

Yapo mengine ambayo muuzaji anaweza kuyataja kwa pumzi moja. Hita ifunikwe au iwekwe nje ya tangi lenyewe, maana taa huilalia mpaka akaungua. Dawa zenye shaba, ambazo samaki wengi huzistahimili, zinaweza kumuua. Asinunuliwe taa ambaye hajaonekana akila mbele ya mnunuzi, hasa ikiwa nyonga zimeanza kujichora juu ya ngozi karibu na shina la mkia, kwa sababu aliyedhoofika kiasi hicho ni vigumu kumrudisha.

Kuhusu mwiba wa mkiani, nadhani ni haki ya kila aliye na watoto nyumbani kuelezwa waziwazi. Mwiba huo una meno pembeni na una sumu, na taa huutumia akikanyagwa au akibanwa. Aliyechomwa atumbukize sehemu hiyo katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, yapata nyuzi 45 za Selsiasi, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kwa kuwa joto hupunguza maumivu, kisha aende hospitali, maana vipande vya mwiba huweza kubaki ndani ya jeraha.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mtu na tangi lake. Sikubaliani nao. Potamotrygon leopoldi, yule mweusi mwenye madoa meupe anayetamaniwa kuliko wote, anatoka katika bonde la mto Xingu nchini Brazili pekee, mto ambao tayari umezibwa na bwawa la Belo Monte. Mwaka 2022, katika mkutano uliofanyika Panama, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ziliamua aingizwe pamoja na jamaa zake kadhaa katika Kiambatisho cha Pili, kwa hiyo anaposafirishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine lazima awe na kibali. Aliyeshindwa kumtunza motoro mkubwa naye asidhani kwamba mtoni ndiko kwa kumwachia, kwa sababu huko Singapore taa wa aina hii wameshapatikana wakiishi na kuzaana katika bwawa la maji, maelfu ya kilomita kutoka kwao.

Ninachoomba ni kidogo. Kila tangi la dukani lenye taa libandikwe karatasi yenye jina kamili la spishi, upana wa mwili wake akikomaa na ukubwa wa sakafu atakayoihitaji wakati huo, na kibali kionyeshwe pale ambapo sheria inakitaka. Mnunuzi naye alijenge kwanza tangi la taa aliyekomaa, aliache likomae, ndipo arudi kumchukua mtoto.

Wako,
Mfugaji wa samaki